Kuchagua Wakili kwa Hesabu



Mazungumzo ya leo yanahusu jambo ambalo mtu aliye katika amani halifikirii, na siku anapolihitaji huwa hana tena wasaa wa kulifikiri, nalo ni namna ya kumchagua wakili. Nimelichagua kwa sababu hapa Doha, mahali ninapowasemesha, umeenea mtindo wa kulimaliza jambo hilo kwa kidole: mtu akipatwa na shauri hufungua simu, akaandika neno wakili, yakamjia majina safu kwa safu, kila jina na nyota zake na idadi ya watu waliozitoa, naye akampigia yule aliye juu kabisa, na akiwa mwangalifu zaidi ya wenziwe, atauliza kabla ya kuagana, "Na wewe, bwana wakili, kesi zako umeshinda asilimia ngapi?" Swali hilo lina sauti ya busara, na mwenye kuliuliza hujiona amekwisha fanya uchunguzi, lakini muradi wangu leo ni kuonyesha kwamba jibu lake, hata likiwa la kweli tupu, lisilochanganyika na uongo wowote, laweza kumpeleka mtu kombo kuliko kama asingaliuliza.

Nisije nikadhaniwa kuwa mimi ni adui wa hesabu. Watu wa pwani ya kwetu ni watu wa daftari na mizani tangu zamani, na mfanyabiashara asiyeihesabu mali yake hadumu nayo. Hesabu ni jambo jema maadamu mwenye kuhesabu anakijua kile alichokihesabu, na hapo ndipo penye shida yetu.

Mtakumbuka habari iliyozagaa mwezi wa Oktoba mwaka 2023, ikavuka bahari na kuingia katika simu za Wakenya walioko Qatar, ya kijana wa Nairobi ambaye tawi la Nairobi la Chama cha Wanasheria wa Kenya lilitangaza kwamba si wakili, ijapokuwa jina lake lilifanana na la wakili halali aliyeandikwa katika daftari la chama. Kijana huyo alishitakiwa, naye akayakana mashitaka, na mimi si hakimu wake. Lililonishughulisha ni nambari iliyofuatana na habari hiyo kila ilipokwenda, kwamba ati alikuwa amesimamia mashauri 26 na yote 26 akayashinda. Nambari hiyo ndiyo iliyowapendeza watu kuliko habari yenyewe. Wako waliocheka, wako waliosema apewe cheti chake kwa kuwa amewapita waliosoma, na hata watu wakubwa wakajitokeza hadharani kumtetea. Lakini ni wangapi waliouliza mashauri hayo 26 yalisikizwa katika mahakama gani, yalikuwa ya jinai au ya madai, upande wa pili ulikuwa na wakili au haukuwa naye, na ni nani aliyeyahesabu? Nambari ilipokelewa kwa kuwa ilikuwa kamili, haina pengo, na jambo lisilo na pengo hututia imani hata pale ambapo lingetutia shaka. Kwa maana wakili aliyekaa kazini miaka mingi asishindwe hata shauri moja, mimi ningependa kujua ni mashauri mangapi aliyoyakataa mlangoni.

Na tutazame kushinda kwenyewe ni nini. Hapa Doha mpangaji wa nyumba, tuseme katika mtaa wa Najma au wa Bin Mahmoud, aghalabu humkabidhi mwenye nyumba hundi 12 kwa mpigo mmoja, kila mwezi na hundi yake, zote zikiwa na tarehe za mbele. Na hundi ikirudi benki kwa kukosa fedha, jambo hilo haliwi deni tu, bali huwa jinai, kwa mujibu wa kifungu cha 357 cha Sheria ya Adhabu, yaani Sheria Nambari 11 ya mwaka 2004. Basi yuko wakili ambaye kazi yake, kutoka Muharram hadi Mfunguo Tatu, ni kuwawakilisha wenye nyumba na wenye maduka waliorudishiwa hundi. Huyo huingia mahakamani na ushahidi wake mkononi, karatasi yenye saini ya mdaiwa na barua ya benki, na akitoka huwa ameshinda. Yuko na mwingine anayepokea mashauri ya watu walioangukiwa na mzigo kazini na kampuni ikakana, au ya mafundi wanaogombania malipo ya jengo lililokabidhiwa na makosa yake, ambapo mahakama humteua khabiri, yaani mtaalamu, akapime na kuandika ripoti, na ripoti hiyo ikiegemea upande mmoja wakili wa upande wa pili hulazimika kuupanda mlima kwa magoti.

Chukueni kalamu, wasikilizaji, maana hapa pana ajabu ambayo sikio peke yake haliwezi kuikamata. Tufanye mfano tu. Wakili wa kwanza amesimamia mashauri 100: ya hundi 90, akashinda 81, na magumu 10, akashinda mawili. Jumla yake ni 83 kwa 100. Wakili wa pili naye amesimamia 100: ya hundi 20, akashinda 19, na magumu 80, akashinda 32. Jumla yake ni 51 kwa 100. Mtu akiletewa jumla hizo mbili, 83 na 51, hatasita hata dakika moja. Lakini rudini nyuma mkatazame: katika hundi, wa kwanza ameshinda asilimia 90 na wa pili asilimia 95; katika magumu, wa kwanza ameshinda asilimia 20 na wa pili asilimia 40, yaani maradufu. Yule aliyeshindwa katika jumla ndiye aliyeshinda katika kila fungu! Wenye elimu ya takwimu wanalijua jambo hili siku nyingi, na hakuna aliyedanganya hapo. Kila tarakimu ni ya haki. Kilichopotosha ni kule kuchanganya kazi nyepesi na kazi nzito katika kapu moja, kisha kapu likapewa jina la ustadi. Ni sawa na nahodha asiyeng'oa nanga ila kaskazi imetulia, kisha akajisifu barazani kwamba hajapoteza jahazi maishani mwake.

Na mtu akijua kwamba atapimwa kwa jumla ile, atafanya nini? Katika jimbo la New York huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilianza kutangazwa hesabu za wagonjwa waliofariki baada ya kupasuliwa moyo, hospitali kwa hospitali na daktari kwa daktari, kwa nia njema kabisa ya kumsaidia mgonjwa achague. Na wanauchumi waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2003 walisema kwamba madaktari na hospitali walielekea kuwapendelea wagonjwa walio na nguvu, na walio hoi wakazidi kuwa hoi. Ikiwa daktari aliyekula kiapo aliweza kuyumba hivyo, sembuse wakili, ambaye mlango wa ofisi ni wake na hakuna anayemlazimisha kumfungulia mtu. Wewe mwenye shauri gumu ndiwe unayemhitaji sana yule mwenye asilimia kubwa, na wewe ndiwe ambaye yeye, kwa ajili ya asilimia hiyo hiyo, hana haja nawe.

Kisha kuna sulhu. Dini yetu imeisifu, wazee wetu waliitanguliza mbele ya daawa, na hapa Qatar sheria yenyewe inaitaka, kwani mfanyakazi akipeleka malalamiko Wizara ya Kazi, idara husika hupewa siku saba za kujaribu kuwapatanisha yeye na mwajiri wake kabla shauri halijakwenda mbele. Sasa wakili aliyempigia mudiri wa kampuni, akaongea naye Kiarabu kizuri cha upole, akamfahamisha hasara itakayompata, na mteja wake akalipwa riyali 4,000 kati ya 5,000 alizodai kabla ya juma kwisha, huyo tumwandike wapi? Hakushinda, hakushindwa, jalada lake halikufunguliwa mahakamani, na katika hesabu za ushindi hayumo kabisa. Na mwenziwe aliyelifikisha shauri kama hilo hadi rufaa, akatoka na hukumu ya riyali 5,000 kamili ambazo mteja hakuziona, anaandikwa kuwa mshindi.

Hilo la kutoziona ndilo linalosahauliwa mno. Kijana mmoja wa kwetu, mlinzi wa majengo, alinionyesha hukumu yake imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na nakala ya pasipoti. Mhuri wake safi, kila alichodai amepewa, mishahara, tikiti, na kiinua mgongo. Kampuni ilikuwa imekwisha funga ofisi na mwenyewe hajulikani alipo. Kupata hukumu ni mlango mmoja, na kuitekeleza ni mlango mwingine wenye kufuli yake, na ndiyo sababu serikali ya hapa ilianzisha kwa Sheria Nambari 17 ya mwaka 2018 mfuko wa kuwasaidia wafanyakazi ambao mwajiri wao ameshindwa kuwalipa. Wakili anayeijua njia ya kuufikia mfuko huo ni wa thamani kwa kijana yule kuliko bingwa wa hoja, wala ustadi wake huo hauna nyota inayoutaja.

Nimezitaja nyota, na sasa nizisemee zenyewe. Mwenye kutoa nyota anahukumu alichokiona, na mteja haoni kazi ya wakili. Anaona kiti alichokalishwa, kahawa aliyopewa, simu iliyopokelewa au isiyopokelewa, na mwisho wake anaona matokeo. Aliyekuwa na haki wazi akashinda atatoa tano, na aliyekuwa na shauri bovu akaokolewa nusu ya balaa atatoa moja, kwa kuwa alitaraji kuokolewa lote. Hayo yako kila mji. Lakini Doha ina jambo lake la pekee, ambalo sijasikia likizungumzwa, nami nitalikalia kidogo.

Nchi hii ina watu wapatao milioni tatu, na walio wengi mno ni wageni wanaokaa kwa kibali, na kibali cha mgeni kimefungamana na kazi yake. Mwenye kushinda shauri aghalabu hubaki: amelipwa haki yake, amepata mwajiri mwingine, yuko Sanaiya au Al Sadd, siku ya Ijumaa anakaa na wenziwe baada ya sala, wanaulizana habari, na simu yake mkononi anamwandikia wakili wake maneno mazuri. Mwenye kushindwa yuko wapi? Yuko Kilifi, yuko Tanga, yuko Kampala, yuko Bujumbura. Alirudi na begi moja, ana madeni ya nauli aliyoyaacha nyuma miaka mitatu iliyopita, na jambo la mwisho atakalolikumbuka ni kufungua simu ampe nyota moja mtu wa Doha ambaye hatamwona tena. Wengine waliingia katika shauri la jinai na mahali walipo hakuna simu. Wengine, hasa mabinti wa kazi za nyumbani, hawakujua kabisa kwamba kuna pa kuandika. Kwa hiyo nyota unazoziona ni za waliosalia. Wale ambao ushahidi wao ungekufaa kuliko wote wamekwisha ondoka nchini, na nyuma yao imebaki sifa iliyosafika, si kwa sababu wakili ni msafi, bali kwa sababu walalamikaji wamepanda ndege.

Na hata hiyo sifa, ni ya nani? Kwa Sheria Nambari 23 ya mwaka 2006, inayosimamia uwakili, kusimama mbele ya mahakama za Qatar ni kazi ya mawakili raia walioandikwa katika daftari, na raia wa nchi jirani za Ghuba kwa masharti. Wageni hufanya kazi kama washauri wa sheria. Ukiingia ofisini, mara nyingi atakayekupokea, akasoma mkataba wako, akaandika muhtasari wa madai kwa Kiarabu, ni mshauri Mmisri au Msudani au Mjordani, na kwa kuwa mashauri ya madai hapa huendeshwa zaidi kwa maandishi kuliko kwa ulimi, kalamu ya huyo mshauri ndiyo wakili wako wa kweli. Nyota zimeandikwa kwa jina la ofisi. Mshauri aliyezichuma huenda alihamia ofisi nyingine mwaka jana, au amerejea Khartoum.

Ziko na zile daraja za heshima zitolewazo London, kama za Chambers na Legal 500, ambazo ofisi kubwa za minara ya West Bay huzitundika ukutani. Sizibezi, zimefanyiwa kazi. Ila ofisi zenyewe ndizo zipelekazo orodha ya kazi zao na majina ya wateja wa kuulizwa, na kazi zinazopimwa ni mikopo ya mabenki, gesi, na mikataba ya ujenzi wa mamilioni. Dereva aliyenyimwa mshahara wa miezi minne akiingia humo kwa sababu ya daraja, atakuwa amemwita mhandisi wa meli aje kumzibia ndoo. Na lile swali jepesi kuliko yote, kama mtu huyu ni wakili au si wakili, nyota hazilijibu kamwe. Kule Tanzania, ambako vishoka, yaani mawakili bandia, wamewatesa watu miaka mingi, Mahakama imeweka mfumo wa e-Wakili wa kulijibu, nao haumpi mtu alama yoyote, unasema tu yumo au hayumo.

Sasa mtaniuliza, basi mtu afanye nini? Nitasema ninavyofikiri mimi, na mwenye rai bora afuate yake. Badala ya kumwuliza wakili ameshinda mangapi, mweleze shauri lako kwa ukamilifu, na lile unaloliona haya pia, kisha umwulize ni kitu gani ndani yake kinachoweza kukuangusha. Asiyeona udhaifu wowote hajasikiliza, au anauza. Yule atakayekwambia, "Hapa ulitia saini karatasi ya Kiarabu usiyoisoma, na mwajiri ataileta," huyo amekwisha anza kukufanyia kazi kabla hujamlipa. Mwulize ni nani atakayeandika, na mshauri akiondoka katikati nani ataendelea. Mwulize ukishinda fedha zitatoka wapi. Mwulize ada kwa maandishi, kisha uilinganishe na unachokidai, maana hapo ndipo watu wetu wanapoumia wakishangilia.

Tufanye hesabu moja ya mwisho, na hii ni ya manufaa. Sheria ya Kazi, Nambari 14 ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi aliyetimiza mwaka kiinua mgongo kisichopungua ujira wa wiki tatu kwa kila mwaka, kwa mshahara wa msingi. Mwenye mshahara wa msingi wa riyali 1,200 anapata riyali 40 kwa siku, siku 21 ni riyali 840, na kwa miaka mitano ni riyali 4,200. Akimlipa wakili riyali 3,000 ili azipate, ameshinda shauri na amebakiwa na mshahara wa mwezi mmoja. Nyota atatoa tano!

Na pengine hakumhitaji wakili. Kwa Sheria Nambari 13 ya mwaka 2017 ziliwekwa kamati za kutatua migogoro ya kazi, kila moja ikiongozwa na hakimu, na tangu mwaka 2018 ndizo zinazosikiliza madai ya wafanyakazi. Mfanyakazi hatozwi ada ya mahakama, anaweza kusimama mwenyewe, na sheria inaitaka kamati itoe uamuzi ndani ya wiki tatu tangu kikao cha kwanza, ijapokuwa mambo ya dunia hayaendi sikuzote kwa kalamu ya sheria. Asiyeridhika ana siku 15 za kukata rufaa. Lililo zito ni kwamba madai yenyewe hufa mwaka mmoja baada ya mkataba kwisha, na nimekwisha ona watu walioumaliza mwaka huo wakizunguka kutafuta wakili mwenye sifa. Wakili atakayekupokea, akakusikiliza, kisha akakwambia nenda mwenyewe kwenye kamati na mkataba wako na taarifa ya benki, hatapata ushindi wa kuhesabu wala nyota, maana hujawa mteja wake. Liandike jina lake mahali, utamrudia siku ya shauri lisilo jepesi.

Na siku hiyo ikifika, kabla ya kuondoka ofisini utapewa karatasi ya kutia saini, ile tawkili, yaani hati ya uwakilishi, ambayo huthibitishwa rasmi, na ndani yake, kwa Kiarabu, zimepangwa mamlaka unazompa: kudai, kukata rufaa, kufanya sulhu, kuacha dai, na aghalabu kupokea fedha kwa niaba yako. Mchukue mtu anayesoma Kiarabu, asiye wa ofisi ile, akusomee neno kwa neno. Ukitaka hilo la kupokea fedha liondolewe, sema papo hapo, maana tawkili ni yako wewe unayeitoa, na mwenye kukataa kuliondoa akueleze sababu.